Maswali ya Wasomaji: Mto Mmoja, Vijiji Vitatu, Tuanze na Nani?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: watu wanaogawana mto na namna ya kuutunza pamoja. Tumezifupisha. Majibu ni ya wataalamu wetu wa maji, ardhi na misitu.

Chombo cha maji tunacho, cha pili cha nini?

*Tuko vijiji vitatu kwenye mto mmoja. Siku hizi Septemba ikifika mto unakatika. Tumeambiwa tuunde Jumuiya ya Watumia Maji, na tayari tuna chombo cha maji ya bomba chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wazee wanasema hizi ni kamati za kula posho. Je, wamekosea? – Msomaji, Mvomero*

Ndugu msomaji, wazee hawajakosea kushuku, ila vyombo hivyo viwili havina kazi moja. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kinachotokana na Sheria Na. 5 ya 2019, kinashughulika na bomba: tangi, vituo vya kuchotea, mita na bili. Hakina nguvu juu ya mtu anayelima kwenye chemchemi au anayefungua mfereji kilomita sita juu yenu. Jumuiya ya Watumia Maji inatokana na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kazi yake ni mto wenyewe: kugawa maji, kusuluhisha ugomvi, kulinda vyanzo, hata kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Maji ya Bonde. Humo ndani chombo chenu cha bomba ni mtumiaji mmoja kati ya wengi.

Msianze na mkutano. Anzeni na miguu. Watu wawili wawili kutoka kila kijiji wapande mto mpaka chemchemi za juu kabisa, wakiandika kila banio (kizuizi cha kuelekezea maji mferejini), mfereji, pampu, tanuri la matofali, shimo la mchanga na mahali mifugo inaponyweshea. Simu yenye ramani inatosha kuweka alama za mahali. Ifanyeni kazi hiyo wakati wa kiangazi, maana mabanio mengi huonekana mto ukiwa mdogo. Orodha mtakayorudi nayo ndiyo itakayowaambia nani lazima awe ndani ya jumuiya.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uongozi unachaguliwa kwa vijiji, wenyeviti wanakaa mezani, na mwenye pampu tatu hayumo. Chagueni kwa makundi: wamwagiliaji, wafugaji, wafyatua matofali, wachimba mchanga, maji ya bomba, na akina mama wanaochota mtoni. Kijiji cha juu kipewe viti sawa na vya chini hata kama watu wake ni wachache, kwa kuwa ndicho kitakachoombwa kuacha kulima mahali fulani. Mkikinyima sauti leo, mtakitafuta kwa mgambo kesho.

Baada ya hapo andaeni rasimu ya katiba, mpate idhini ya walio wengi kati ya watumiaji, kisha mpeleke maombi ya usajili kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo makao yake yako Morogoro mjini. Mwombeni afisa wa kidakio, yaani eneo linalomwaga maji kwenye mto wenu, aje aione mipaka kabla ya katiba kupitishwa, si baada.

Jambo moja husahaulika sana. Katiba ya jumuiya inawafunga wanachama tu. Asiye mwanachama anabanwa na sheria ndogo ya kijiji, na hiyo hutungwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa kwenye Mkutano Mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo vijiji vyote vitatu vipitishe sheria ndogo yenye maneno yaleyale na faini zilezile. Viwili vikipitisha na cha tatu kikachelewa, mkaa na ng'ombe vitahamia huko kwenye cha tatu. Kuhusu posho, andikeni ndani ya katiba kwamba mwaka wa kwanza hakuna posho ya kikao, na kwamba daftari la fedha litasomwa mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu.

Mita 60 zimemeza shamba langu

*Nina nusu eka ya kabichi na nyanya kando ya mto, na yote imo ndani ya mita 60. Wamekuja kuweka bikoni za mpaka. Watoto wanasoma kwa shamba hilo. Nifanyeje? – Mama mkulima, Lushoto*

Mama, sheria ipo na haikuanza juzi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaharibu hifadhi ya eneo hilo. Kulima kabichi kwa jembe na kunyunyizia dawa mita tano kutoka majini kunaangukia humo bila ubishi. Kwa majirani zetu wa Kenya kanuni ni tofauti: ukanda wa mto huanzia mita 6 na hauzidi mita 30 kila upande, kufuatana na upana wa mto.

Kwanza, hakikisha vipimo. Umbali hupimwa usawa, si kwa kulaza kamba juu ya mteremko. Kwenye vilima vya Usambara kamba iliyolala ardhini hutoa kipimo tofauti kabisa na kamba iliyoshikwa sawasawa. Omba upimaji ufanyike ukiwepo, na mtu wa Bodi ya Bonde la Pangani awepo.

Pili, usikubali wala usikatae peke yako. Wenye mashamba ya ukanda ule wakae pamoja na Jumuiya ya Watumia Maji wapeleke mpango wa kuhama kwa hatua, uandikwe na Bodi iukubali. Mpango unaoweza kutekelezwa huwa hivi: mita 10 za kwanza kutoka majini zinaachwa kabisa msimu huuhuu, hakuna jembe wala dawa, matete na vichaka virudi vyenyewe. Ukanda unaofuata unapandwa mabingobingo, mashina yenye pingili tatu, nafasi ya mita 1 kwa nusu mita, na kukatwa kwa ajili ya ng'ombe wa ndani bila kuchimbua ardhi. Huko nyuma zaidi panapandwa miti ya asili na ya matunda. Mboga zinahamia nje ya mita 60, na hapo ndipo jumuiya inapotakiwa kusaidia kwa bomba la kumwagilia au tangi, kwa sababu ulikuwa unalima pale kufuata maji, si kufuata udongo.

Mabingobingo yakatwe yakifika kimo cha mita moja hivi, ukibakiza kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Ukikata chini ya hapo, mashina mengi hufa kiangazi na ukanda unabaki na mapengo ambayo mvua ya kwanza itayapitia.

Bikoni zinazowekwa usiku au mwenye shamba akiwa hayupo hung'olewa. Hilo si suala la ukaidi. Mtu hawezi kulinda mpaka ambao hajui umepimwaje.

Miche 10,000 imekufa, tuombe mingine?

*Shirika lilituletea miche 10,000 mwezi wa pili. Tuliipanda siku ya sherehe, mgeni rasmi alikuwepo. Sasa hivi iliyobaki inahesabika. – Mtendaji wa kijiji, Kongwa*

Msiombe mingine kwanza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mche uliopandwa mwishoni mwa Februari una wiki chache tu za kushusha mizizi kabla ya miezi saba ya ukame. Baada ya mavuno mashamba yanakuwa malisho ya wote, na mbuzi hana habari na mgeni rasmi. Ongezeni mizizi iliyojikunja ndani ya viriba kwa kukaa kitaluni muda mrefu, na mchwa. Hata mwaka mzuri hesabu hiyo ni ngumu.

Angalieni chini kwanza. Mashamba mengi ya Kongwa na Mpwapwa yana visiki vya mgunga, mkwaju, mpingo na mingine, ambavyo kila mwaka huchipua na kila mwaka hukatwa kwa jembe. Mizizi yake iko chini mita nyingi na haihitaji kumwagiliwa. Njia hii inaitwa kisiki hai. Ilipata umaarufu nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, na Dodoma imeenea vijijini kwa miaka ya karibuni.

Fanyeni kabla ya mvua, miti ikiwa haijatoa majani. Chagueni visiki mnavyotaka shambani. Kila kisiki kina machipukizi kumi au ishirini. Bakizeni mawili au matatu, hata matano ikiwa mnataka fito za kuvuna mapema. Yabaki yaliyonyooka, manene, yaliyoachana. Mengine yote yakatwe kwa panga kali karibu na shina. Kisha pogoleeni matawi ya chini mpaka nusu ya kimo cha chipukizi, mkikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichunike. Panga butu hupasua shina, na penye mpasuko wadudu na ukungu huingia. Matawi yaliyokatwa yaachwe yametandazwa chini, yanazuia jua na kulisha udongo. Mwisho fungeni kitambaa cha rangi kwenye shina lililobaki. Kitambaa hicho kinamwambia mchungaji na mtu wa kuni kwamba mti huu una mwenyewe. Rudini baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya, la sivyo mti unarudi kuwa kichaka.

Swali kubwa ni malisho baada ya mavuno. Historia ya jirani zenu inafaa kuangaliwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi na miti ikarudi, lakini familia zilipoteza ng'ombe, samadi na maziwa, na baadaye ilibidi ufugaji wa ndani uruhusiwe. Shinyanga walikwenda njia nyingine. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliitegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika na kuyafungua kiangazi, kila ngitili ikiwa na familia au kijiji chake. Kutoka kama hekta 600 zilizokuwa zimebaki, zikafika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwa maoni yetu tofauti kubwa ni hiyo: kule Shinyanga mfugaji hakuambiwa ahame, alipewa mahali pa kulishia Oktoba.

Basi kaeni na wafugaji mkubaliane vitongoji vitatu vifungwe mwaka huu na vitatu viwe wazi, na tarehe ya kufungua iandikwe. Zile fedha za miche ziende kwa walinzi wawili na panga nzuri. Miche michache inayofaa ni ya miti ambayo visiki vyake havipo tena, na hiyo ipandwe mvua ikishaloanisha udongo sentimita 30 kwenda chini, ndani ya shimo la sentimita 45 kila upande.

Mvua ikija, makinga maji yanakatika yote

*Tulichimba fanya juu, mitaro ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu kuwa tuta, kikundi kizima. Mvua ya Aprili imevunja tuta la juu, na yote ya chini yakafuata. – Kikundi cha wakulima, Matombo*

Upande wenu wa mashariki wa Uluguru unapata mvua nyingi sana, na makosa madogo huadhibiwa papo hapo. Tuta hukatika kwa sababu maji yote yamekusanyika mahali pamoja palipo chini kuliko pengine, hata kwa sentimita tano. Likikatika la juu, la pili linapokea maji ya sehemu mbili, la tatu ya sehemu tatu.

Pimeni upya kwa fremu A. Miti miwili ya mita 2 na kidogo, ifungwe juu, miguu ikiachana mita 2 kamili, mti mmoja ukatize katikati, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Kurekebisha: isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kati, geuza miguu, mguu wa kulia ukanyage pale pale palipokuwa na wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Upepo ukivuma, acheni; kamba inayoyumba imeharibu makinga maji mengi.

Kwa mvua zenu msichimbe mtaro ulio sawa kabisa, maji yatajaa na kufurika. Toeni mteremko mdogo wa sentimita 1 kwa kila mita 2: fungeni kipande cha ubao wa unene wa sentimita 1 chini ya mguu unaotangulia kule maji yatakakoelekea, kisha pimeni kama kawaida. Mitaro yote iishie kwenye njia ya maji iliyooteshwa majani mwaka mmoja kabla. Njia hiyo isipokuwepo mnatengeneza korongo kwa mikono yenu.

Nafasi kati ya mistari inategemea mteremko. Pimeni ardhi inashuka mita ngapi katika mita 10 za usawa. Ikishuka mita 2, huo ni mteremko wa asilimia 20. Gawanyeni asilimia kwa 4, ongezeni 2, zidisheni kwa 0.3, mtapata ni mita ngapi za kushuka kati ya mstari na mstari. Asilimia 10 hutoa mita 1.35, yaani mistari iachane mita 13.5 kwa usawa. Asilimia 20 hutoa mita 2.1, iachane mita 10.5. Mtaro wa kawaida ni sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukirushwa juu, na kati ya mtaro na tuta muache ukingo mtupu wa sentimita 20 hadi 30 ili udongo usirudi mtaroni. Tuta lipandwe majani wiki hiyohiyo.

Anzeni kilimani mkishuka, kamwe si bondeni mkipanda. Na kabla ya yote angalieni kama kuna barabara au njia ya pikipiki inayomwaga maji shambani. Kama ipo, chimbeni mtaro wa kukinga juu kabisa ya shamba, vinginevyo kazi yote ya chini ni bure. Miteremko mikali zaidi ya hapo, au penye udongo mwembamba, achaneni na sururu: mistari ya majani kama vetiva au Guatemala, mashina kila sentimita 10 hadi 15, itajenga ngazi yenyewe taratibu.

Na udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe pembeni na kurudishwa juu. Wakati wa mkoloni, kati ya 1950 na 1955, Waluguru walilazimishwa kuchonga ngazi milimani. Udongo ni mwembamba, ngazi zikaleta juu udongo usiozaa, mavuno yakashuka, na mwaka 1955 zikazuka ghasia mpango ukaachwa. Mpaka leo afisa akitaja matuta, baadhi ya wazee huondoka mkutanoni, na wana haki ya kuelezwa tofauti iko wapi.

Nani anatumaliza, sisi au wa juu?

*Kila mwaka tunagombana na skimu ya umwagiliaji iliyo juu yetu. Wao wanasema maji ni machache, sisi tunaona wanajaza majaruba Agosti. – Mwenyekiti wa skimu, Mbarali*

Bila kipimo ugomvi huu hauishi. Chagueni mahali mto ulipo mnyoofu, pimeni mita 10 kando yake. Pimeni upana, na kina katika sehemu tano, mpate wastani. Tupeni chungwa katikati ya mkondo, hesabuni sekunde mpaka limalize mita 10, mrudie mara tano. Mfano: upana mita 1.5, kina cha wastani mita 0.2, chungwa limetumia sekunde 25. Eneo ni 0.3, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.8 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Jibu ni mita za ujazo 0.096, yaani lita 96 kwa sekunde. Mpime juu ya banio lao, chini ya banio lao, na juu ya lenu, asubuhi ileile, watu wa pande zote wakiwa wamesimama pamoja. Mpimaji wa upande mmoja haaminiki hata akisema kweli.

Sasa gaweni. Sheria ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine. Tuseme Bodi ya Bonde la Rufiji imetaka lita 32 zibaki mtoni, zinabaki 64. Kwa makadirio ya kawaida mboga au mahindi ya kumwagilia yanahitaji kama lita 1 kwa sekunde kwa hekta, kwa hiyo hapo kuna hekta 60 na ushee kwa skimu zote mbili. Mpunga unakula zaidi ya hapo, na mpunga wa kiangazi kwenye mto wa namna hii haujengi ujirani. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu 1993, na mabanio yaliyoachwa wazi mwaka mzima huko juu ni sehemu kubwa ya sababu.

Zamu kwa saa ni rahisi kusimamia kuliko kugawa mkondo vipande: skimu moja mchana na nyingine usiku, mkibadilishana kila wiki ili mateso ya usiku yawe ya wote. Banio liwe na mlango wa chuma wenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa skimu tofauti. Banio la magunia ya mchanga halifungiki, na hapo ndipo usiku hufanya kazi yake.

Bwawa la mchanga limejaa tope

*Tulijenga ukuta wa mita 2.5 kwa msimu mmoja. Badala ya mchanga tumepata matope, na kisima hakitoi maji. – Katibu wa kikundi, Makueni*

Bwawa la mchanga ni ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Ukuta uliojengwa mpaka juu kwa mara moja hutuliza maji ya mafuriko, na maji yaliyotulia huangusha kila kitu, tope likiwemo. Ndiyo maana kwenye mito yenye udongo mwingi ukuta hupandishwa kwa hatua, sentimita 30 hadi 60 kwa msimu: mchanga mkubwa unakaa, tope linapita juu.

Pimeni mlicho nacho. Jazeni mchanga au tope la bwawani kwenye ndoo ya lita 20 yenye tundu lililozibwa chini, mimineni maji mpaka yaonekane juu, kisha zibueni mpime yanayotoka. Mchanga mkubwa utatoa lita 5 hadi 7. Tope litatoa lita 1 hivi, mengine linayashika. Chimbeni mashimo kadhaa mpaka kwenye mwamba. Mara nyingi chini kuna tabaka la mchanga mzuri, na kisima kinaweza kushushwa hapo. Kama ni tope tupu, mwiteni fundi mhandisi aone kama njia ya maji ya katikati inaweza kukatwa chini ili mafuriko yalisombe, kisha ipandishwe tena polepole. Angalieni pia kingo: kama mabawa ya ukuta hayakuingia vya kutosha ndani ya kingo, mto utauzunguka ukuta na kuuacha umesimama peke yake.

Dawa ya kudumu iko mashambani huko juu. Makueni na Machakos mna mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, na mna ujuzi wa fanya juu kuliko wengi. Peaneni zamu: siku moja ya ukuta, siku mbili za matuta kwa wanaoishi juu ya bwawa, hata kama wao hawachoti hapo.

Kuwalipa wakulima wa mlimani

*Mamlaka yetu ya maji inamaliza shabu, dawa ya kutuliza tope, nyingi kila masika kwa sababu ya tope. Tunafikiria kuwalipa wakulima wa juu watunze ardhi. Mkataba uweje? – Mhandisi, Nyanda za Juu Kusini*

Mifano ipo karibu. Uluguru, kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa Kibungo Juu na wanunuzi wawili wa chini, DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza. Kenya, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa 2015, na humo mkulima hupata zaidi vitu kuliko fedha mkononi: bwawa dogo la kukusanyia maji ya mvua, miche, mafunzo ya matuta.

Kabla ya kumlipa yeyote, tafuteni tope linatoka wapi. Siku ya mvua kubwa, watu wakae kwenye kila kijito kinachoingia mtoni wakiwa na chupa safi za lita moja, wajaze saa ileile. Chupa zisimame saa 24, mpime unene wa tope chini. Mara nyingi vijito viwili kati ya kumi vinabeba sehemu kubwa, na si ajabu mkakuta chanzo ni barabara mpya au machimbo ya kokoto. Kumlipa mkulima kwa tope la barabara ni hasara kwenu na fedheha kwake.

Lipeni kwa kazi inayoonekana, kwa mita za makinga maji na eka za majani, wala msisubiri maji yawe meupe ndipo mlipe. Nusu itolewe kazi ikikaguliwa, robo baada ya masika ya kwanza ikiwa tuta bado limesimama, robo mwaka wa pili. Mkataba usiwe chini ya miaka mitatu, kwa kuwa mwaka wa kwanza mkulima anapoteza ardhi na siku za jembe bila kupata kitu. Malipo yasipozidi hasara hiyo atasaini kwa adabu na kuacha kimyakimya. Fedha ziende kwa mtu mmoja mmoja kwa simu, na fungu dogo kwa kijiji kwa ajili ya doria.

Msisahau mpangaji. Milimani wengi wanalima mashamba ya kukodi, na mwenye shamba akiona ngazi nzuri zimejengwa hulichukua. Pande zote tatu zisaini, na muda wa kukodi usiishe kabla ya mkataba. Kwa upande wenu, anzeni leo kuandika kilo za shabu kwa kila mita za ujazo 1,000, pamoja na mvua ya siku hiyo; bila miaka miwili ya kumbukumbu za awali, bodi ya wakurugenzi itawauliza faida iko wapi na hamtakuwa na jibu. Muwaambie mapema pia kwamba tope lililokwishalala mtoni litaendelea kushuka kwa miaka kadhaa hata milima ikitulia.

Kwa kifupi: mikaratusi kwenye chemchemi

*Chemchemi yetu imezungukwa na mikaratusi ya watu. Tuing'oe yote? – Msomaji, Njombe*

Hapana, si kwa mkupuo. Mkiikata yote mwaka mmoja ardhi inabaki uchi na mvua inaijaza chemchemi udongo. Kateni theluthi moja kila mwaka, mkianza na iliyo karibu na maji, na wenye miti wauze magogo wenyewe. Visiki vikatwe chini kabisa, gome lichunwe pande zote mpaka ardhini, vifukiwe udongo, na machipukizi yaondolewe kila mwezi; kisiki cha mkaratusi kilichoachwa hivi hivi hurudi na mashina matano. Nafasi iliyobaki ipandwe vipandikizi vya mkuyu na miche ya mringaringa mwanzoni mwa mvua, na izungushiwe miiba. Kabla hamjakata mti wa kwanza, pimeni maji kwa ndoo ya lita 20 na saa, halafu mrudie tarehe ileile kila mwaka. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, mna lita 43,200 kwa siku.